Ofisi ya pamoja Kijitonyama au fremu ya kuchangia Sinza? Nina wiki mbili za kuamua

mhasibu_tabata aliandika:

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo ya watu waliokwisha kupita njia hii, maana nimepiga hesabu mpaka nimechoka.

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, naishi Tabata. Nina wateja 11: maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, famasi, gereji, mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha unga, na waliobaki ni wa Kariakoo. Nawaandalia vitabu, mishahara na ritani za kodi. Wanne wamesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo mwezi wangu una tarehe mbili zinazoninyima usingizi: tarehe 7 kwa PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na kodi ya zuio (anayolipa hukata kwenye malipo kabla ya kumpa mwenzake), tarehe 20 kwa VAT. Katikati ya hapo kazi ipo, lakini inavumilika.

Miaka mitatu sasa nafanyia kazi kwenye meza ya kulia chakula, sebuleni. Mwezi uliopita nilikuwa nimepanga risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za duka la vifaa vya ujenzi kwa tarehe, mafungu thelathini, kila fungu na kibanio chake. Nikaenda jikoni kuzima jiko. Niliporudi, mwanangu wa miaka minne alikuwa amezitoa vibanio zote na kuzipanga sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, reli ya treni. Sikumchapa, hakuwa na kosa, ile ni nyumba yake. Lakini nilikesha hadi saa tisa usiku nikizirudisha, na baadhi zilikuwa zimeanza kufifia kwa joto kama zinavyofifia zote, nikawa nasoma tarehe kwa tochi ya simu. Usiku ule ndipo nilipojiambia kazi hii lazima itoke nyumbani.

Nimepata njia mbili.

Ya kwanza ni ofisi ya pamoja Kijitonyama, ghorofa ya pili, si mbali na Makumbusho. Mwezi ni 220,000: unakaa meza yoyote utakayoikuta wazi, intaneti na chai vimo, na unapewa saa nne za chumba cha mikutano. Ukitaka kulipa kwa siku ni 15,000.

Ya pili ni fremu Sinza, tuchange watu watatu: mimi, rafiki yangu anayebuni nembo na vibandiko vya bidhaa, na kijana anayekata tiketi za ndege. Pango ni 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 1,800,000, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Jumla 2,100,000, kila mtu 700,000 kabla hatujanunua hata feni. Umeme wa Luku, intaneti, mlinzi na usafi ni juu yetu.

Ya leseni nayajua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Leseni yangu ni ya Tabata, upande wa Ilala, na Sinza ni Ubungo, Kijitonyama ni Kinondoni. Leseni hufuata eneo. Fremu tukiichukua, pango litadaiwa ushuru wa stempu na tutamkata mwenye nyumba kodi ya zuio asilimia 10, na tayari ameshanuna nilipomtajia.

Ninachotaka kujua ni kile ambacho vipeperushi havisemi. Aliyekaa ofisi za namna hii zaidi ya mwaka, aniambie alichojutia kutouliza siku ya kwanza.

---

mchora_ramani alijibu:

Dada mhasibu, pole kwa mkesha. Mimi nachora ramani za nyumba, na nimekaa ofisi za pamoja tatu tofauti hapa Dar tangu 2019. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako la mwisho ndilo lenyewe.

Nilichojutia kuliko vyote: sikuuliza mwenye ofisi naye amepanga kwa nani.

Sisi tunaoingia tunaona mapokezi, maua, mashine ya kahawa, tunadhani tunashughulika na mwenye mali. Siyo. Mara nyingi yule anayekukodisha meza naye ni mpangaji, amechukua sakafu nzima kwa mkataba wa miaka, anaigawa vipandevipande kwa watu wa mwezi mmoja mmoja. Sisi tukipungua, yeye pango lake halipungui.

Ofisi yangu ya kwanza, sitaitaja, nililipa kila mwezi tarehe moja bila kuchelewa hata mara moja. Jumatatu moja nafika saa mbili asubuhi nakuta watu wanne wamesimama kwenye ngazi. Mlangoni kufuli jipya, kubwa, bado lina mafuta ya kiwandani, na karatasi ya mwenye jengo: mpangaji anadaiwa pango la miezi mitano. Humo ndani kulikuwa na plota yangu ya kuchapia ramani, kompyuta ya mezani, na seti mbili za ramani za mteja zilizokwisha kugongwa mihuri. Nilizipata siku ya kumi na tisa, baada ya kwenda na barua serikali ya mtaa, na risiti ya kununulia plota mkononi kuthibitisha kuwa ni yangu. Dada aliyekuwa anashona na kuuza mtandaoni hakuwa na risiti ya cherehani yake. Alisumbuka sana yule dada, hadi leo nikimkumbuka naumia.

Mwendeshaji hakuwa tapeli. Alikuwa kijana mwenye bidii aliyejaza nusu ya meza na kudhani nusu nyingine itajaa. Ni ugonjwa wa biashara yenyewe. WeWork ya Marekani, kampuni ya ofisi za pamoja iliyovuma dunia nzima enzi zake, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 2023, na mzigo mkubwa uliokuwa mgongoni mwake ni huohuo: mikataba mirefu ya pango waliyojifunga, huku wateja wao wanaweza kuondoka kesho.

Kwa hiyo ukifika Kijitonyama, muombe kwa heshima akuonyeshe mambo mawili: mkataba wake na mwenye jengo unaisha lini, na kama una kifungu kinachomruhusu kupangisha wengine. Hana haja ya kukuonyesha bei. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

La pili ni umeme. Wote watakuambia "jenereta ipo". Mimi niliambiwa hivyo, nikaridhika. Ukaja mgao wa mwishoni mwa 2023, na siku ya kwanza tu ndiyo nikajua kuwa jenereta ile inabeba taa, ruta na feni za koridoni. Soketi za mezani hazimo. Tulikuwa watu kumi na wawili tunagombea soketi mbili za koridoni, laptopu zimelala sakafuni kama watoto wa shule. Usiulize kama jenereta ipo. Uliza inabeba nini, na nani analipa mafuta mgao ukirefuka.

Intaneti hivyohivyo. Uliza wana mitandao mingapi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kule kusini, Jumatatu yake ofisi nzima tulikaa tunatazama duara likizunguka. Hilo ni la nchi nzima, halikuwa kosa la mtu. Lakini siku za kawaida, mafundi wa barabara wakikata faiba mtaani, ofisi yenye mtandao mmoja inakufa na yenye miwili inaendelea.

Sasa kuhusu kazi yako hasa. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Kwa mwaka mzima nilikaa meza moja na dada anayefanya mishahara ya kampuni za watu. Mwenye adabu, mchapakazi. Lakini alikuwa akipiga simu palepale mezani: "Meneja wenu ile milioni mbili na laki nne, tunakata bima au bado?" Mimi sikutaka kujua mshahara wa mtu, nikaujua. Siku moja akaja mgeni kukaa meza ya tatu, kumbe ni mfanyakazi wa kampuni ileile amekuja kwenye usaili wa mtandaoni. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata sheria isingekuwepo, mteja anayekupa vitabu vyake amekupa siri ya nyumba yake. Wateja wako wa Kariakoo wanashindana wao kwa wao. Mmoja akipita nyuma ya kiti chako akaona mauzo ya jirani yake kwenye kioo, umewapoteza wote wawili.

Kwa hiyo usinunue meza, nunua chumba chenye mlango kwa saa chache, na meza iwe ya kazi ambayo hata ikionwa haina neno. Waulize vibanda vya simu vipo vingapi na vinafunga kweli au ni mapambo ya kioo. Uliza pia kama kuna kabati lenye kufuli lako mwenyewe.

Tena angalia kalenda yako. Umeandika mwenyewe kwamba una tarehe mbili ngumu. Kuanzia tarehe 3 hadi 7, na 15 hadi 20, ukitoa Jumapili, ni siku tisa au kumi. Kumi kwa 15,000 ni 150,000. Unalipaje 220,000 kwa siku ambazo wewe mwenyewe unasema zinavumilika? Anza na siku. Ukiona umezidi siku kumi na tano miezi miwili mfululizo, hapo hamia mwezi.

Fremu mimi siikatai. Ina jambo moja ambalo ofisi ya pamoja haina: ufunguo ni wako. Ila watu watatu kwenye mkataba mmoja ni ndoa. Kijana wa tiketi akikosa pesa mwezi wa saba, mwenye nyumba hatamtafuta yeye. Atamtafuta anayejibu simu, na mhasibu ndiye hujibu simu siku zote.

---

mtafsiri_nairobi alijibu:

Mimi niko Nairobi, nafanya kazi ya kutafsiri, na nitaongeza kitu ambacho kaka hapo juu hajakigusa.

Nilianza kukaa ofisi za pamoja enzi iHub iko Ngong Road, jengo la Bishop Magua. Ilifunguliwa 2010, na kwa sisi tuliokuwa hatuna lolote ilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Baadaye ikapita mikononi mwa wengine, tangu 2019 iko chini ya CcHub ya Nigeria. Watu husema ilileta teknolojia. Mimi naikumbuka kwa viti, na kwa nani aliyekalia kiti cha pili.

Dada, wewe ni mhasibu. Kila mtu ndani ya hiyo ofisi anahitaji mhasibu. Mbuni programu, mpiga picha, mwenye duka la mtandaoni, wote hao hufungua ukurasa wa kodi wakitetemeka. Huku kwetu ikifika Juni, siku chache kabla ya tarehe 30, ungeona foleni kwenye meza ya yeyote anayejua ritani. Mimi katika miaka yangu yote sikupata kazi kubwa kutoka kwa jirani wa meza, kwa sababu mtafsiri mtu humhitaji mara moja kwa mwaka. Wewe utahitajika kila mwezi.

Lakini weka mpaka mapema. Mwenzetu mmoja, mwanasheria, alikuwa akijibu maswali ya bure hadi akawa hamalizi kazi iliyomlipa. Mwishowe akaweka saa moja kila Ijumaa mchana, swali ni bure, nje ya saa hiyo ni ada. Watu waliheshimu. Ungemfanyia hesabu ya aliyoyapata kwa Ijumaa hizo, ingelipa meza yake na ibaki.

Kwa hiyo nakubaliana na kulipa kwa siku, ila usiende siku za tarehe 7 na 20 peke yake, maana siku hizo utakuwa umeinamisha kichwa, humsalimu mtu. Ongeza siku mbili za katikati ya mwezi ambazo huna haraka.

---

meza_za_mwanza alijibu:

Naingia kama mwendeshaji. Nina ofisi ya pamoja ndogo Mwanza, meza 14 na vyumba viwili. Aliyosema mchora ramani kuhusu kufuli ni kweli na yananiuma, kwa sababu sisi wengine tunaamka usiku tukiogopa siku hiyo.

Wadau mjue tu tunapoumia. Desemba hadi katikati ya Januari watu wanakwenda kwao, meza zinabaki tupu, pango lipo palepale. Mafuta ya jenereta sikuwahi kuyakisia sawasawa hata mwaka mmoja. Na mteja wa siku hunipa pesa nzuri kuliko wa mwezi, lakini siwezi kumpangia mwenye jengo bajeti kwa watu wa siku. Ndiyo maana wengi wetu tunawasukuma kwenye mwezi. Mkiona tunasisitiza, si tamaa peke yake.

Mkataba wangu una kifungu cha kupangisha wengine, nilikipigania miezi miwili kabla ya kusaini, na huwa namwonyesha yeyote anayeuliza. Kwa kweli huwa nafurahi, maana anayeuliza hivyo ndiye anayekaa.

Nikurekebishe kidogo dada, ingawa najua unalifahamu: ukilipa kwa siku, usitegemee kupewa barua ya anwani kwa ajili ya leseni. Mimi anwani nampa mwenye mkataba wa kuanzia miezi sita, kwa sababu manispaa wakija kukagua lazima wakukute upo. Kwako si tatizo kama leseni ya Tabata inabaki. Lakini kuna anayesoma hapa akidhani 15,000 inanunua anwani.

Na mafaili usiyahamishie ofisi ya mtu. Hata yangu. Vitabu vya wateja wako mnatakiwa kuvitunza miaka mitano. Ofisi za pamoja zilizofikisha miaka mitano chini ya mwendeshaji mmoja nazihesabu kwa vidole.

---

mhasibu_tabata aliandika:

Nimerudi. Nawashukuru wote, na mtafsiri nimekusikia kuhusu siku za katikati.

Nilikwenda Kijitonyama Alhamisi mchana, saa nane, makusudi wakati wa joto kali. Nikamuuliza dada wa mapokezi jenereta inabeba nini. Akasema "inabeba kila kitu". Nikamwomba aniitie fundi wao. Fundi hakubishana, alinipitisha ukutani soketi moja baada ya nyingine: zile za ukuta wa ndani, sita, zina kibandiko chekundu, hizo ndizo zinazobaki na umeme ukikatika. Za upande wa dirishani, ambako kila mtu anapenda kukaa, hazimo. Nikazihesabu meza zinazofikia soketi nyekundu: nne. Kumbe pale mtu anayefika saa moja na nusu na anayefika saa tatu wananunua vitu viwili tofauti kwa bei moja.

Mitandao ni miwili. Vibanda vya simu viwili. Kimoja kinafunga, kingine kitasa kimelegea, sauti inatoka yote. Niliingia rafiki yangu akabaki nje, nikasoma namba kwa sauti ya kawaida, akanirudishia zote.

Mkataba wa mwenye jengo: mwendeshaji alisita, akaniuliza kwa nini, nikamwambia kisa cha kufuli kama kilivyo. Akakaa kimya kidogo, akanifungulia kwenye simu. Unaisha Machi mwaka kesho kutwa, kifungu cha kupangisha kipo. Sikumwomba zaidi.

Fremu nimeiacha. Ilikuwa ngumu kumwambia rafiki yangu, alikuwa ameshachora hadi kibao cha mlangoni, jina langu juu. Tulikaa naye hadi magharibi. Amekasirika, nadhani ana haki, maana nilimchelewesha mwezi mzima kwa kusema "ngoja nione". Nimemwahidi nitamwekea vitabu mwaka huu bila malipo, na hilo nitalifanya.

Ile laki saba, nimetoa 380,000 nimenunua kabati la chuma la droo nne, la mkono wa pili, kutoka kwa ofisi moja iliyokuwa inahama. Lipo chumbani kwangu, si sebuleni. Risiti zote sasa nazipiga picha siku zinapofika, halafu zinaingia droo ya mteja wake, na ufunguo naushika mimi. Ofisini nitakwenda na laptopu tu. Karatasi hazitoki nyumbani tena.

Naanza tarehe 3, saa moja na nusu, ukuta wa ndani. Nimelipia siku kumi na mbili, kumi za mchora ramani na mbili za mtafsiri.

Limebaki moja, nalo ni la fundi: droo ya tatu ya lile kabati inafunguka hata ikiwa imefungwa, ukiivuta kwa nguvu. Kuna anayejua fundi mzuri wa vitasa vya makabati ya chuma upande wa Tabata, Buguruni au Kariakoo? Ndiyo droo ya famasi, sitaki kulala nayo hivyo.